Jinsi ya kuseti intaneti ya simu ili imeli ziingie kwa wakati bila kumaliza bando

Watu wanaoniletea simu kwa ajili ya imeli huwa na malalamiko mawili, mmoja anasema imeli haziingii mpaka afungue apu mwenyewe, mwingine anasema zinaingia fresh ila bando linakata kabla wiki haijaisha. Dawa ya wote wawili ni moja, kuipangia simu kitu gani kishuke kwa data ya laini na kitu gani kisubiri waifai. Maneno ya imeli hayali kitu jamani, barua ya maandishi matupu ni KB chache tu, kinachokula ni viambatanisho na picha. Kwa hiyo usizime imeli eti unaokoa bando, acha maneno yaingie muda wote halafu zuia hiyo mizigo mizito.

Nitaelezea kwa Android kwa sababu ndo simu nyingi huku kwetu, wa iPhone nitawagusia huko chini. Samsung, Tecno, Infinix na Xiaomi kila mmoja ana menyu zake, ila ukiingia Mipangilio juu kuna sehemu ya kutafutia, andika unachotaka kitakuja.

Hatua ya 1: pima kwanza kabla hujagusa kitu

Zima waifai, baki na data ya laini, funga skrini, halafu jitumie imeli kutoka akaunti nyingine au mwambie mtu akutumie. Isubiri kama dakika ishirini bila kuifungua simu. Ikiingia yenyewe basi ruka mpaka hatua ya 4. Kama haiingii ila ukifungua apu tu zinamiminika zote kwa pamoja, basi mtandao ni mzima, ni simu ndo imezuia apu isitumie data ikiwa nyuma, soma hatua ya 2 na 3. Kama hata ukifungua apu hakuna kitu wakati kwenye waifai zinaingia, shida iko kwenye laini, nenda hatua ya 6.

Hatua ya 2: fungua milango ya data

Hapa ndo penye kesi nyingi. Milango iko mitatu na mmoja ukifungwa imeli haipiti. Wa kwanza uko Mipangilio kwenye Akaunti, hakikisha usawazishaji (simu kujiletea barua mpya yenyewe) wa Gmail au wa akaunti ya ofisi umewashwa, watu wengi waliuzima zamani wakasahau. Wa pili ni data ya chinichini ya apu yenyewe, yaani ile inayotumika ukiwa hujaifungua, ingia Mipangilio, Programu, chagua Gmail au apu yoyote ya imeli unayotumia, fungua matumizi ya data, washa data ya chinichini. Wa tatu ni Kiokoa Data. Hiki kilikuja na Android 7 mwaka 2016 na ni kitu kizuri sana, sikushauri ukizime, kikiwa kimewashwa apu ambayo hujaifungua haipati data ya laini kabisa. Unachofanya ni kuiruhusu apu ya imeli peke yake, ndani ya Kiokoa Data kuna orodha ya apu zinazoruhusiwa kutumia data bila kuzuiwa, weka imeli humo, na WhatsApp kama unaitaka, hizo za video na magemu ziache zifungwe.

Kuna dada mmoja anafanya kazi ya kliaringi bandarini Dar, taarifa ya meli kufika anatumiwa kwa imeli, akichelewa kuiona kontena linaanza kuhesabiwa tozo za kukaa. Simu yake ilikuwa na Kiokoa Data kimewashwa, na imeli haikuwa kwenye orodha ya walioruhusiwa. Ofisini kwenye waifai kila kitu sawa, akitoka tu kwenda getini kimya, akirudi zinaingia zote kwa mkupuo na saa zimeshapita. Tuligusa sehemu hiyo moja tu, basi.

Hatua ya 3: betri

Tangu Android 6 simu ikilala mezani bila kuguswa na haiko kwenye chaji inaanza kuahirisha kazi za nyuma ili kutunza betri. Gmail yenyewe hupenya kwa sababu inaamshwa na seva za Google (kompyuta zinazotunza na kutuma barua), ila akaunti za ofisi zinazopitia apu nyingine ndo zinaumia. Ingia kwenye apu hiyo, sehemu ya betri, chagua isizuiwe. Kwa Tecno, Infinix na Xiaomi angalia pia ile ruhusa ya apu kujiwasha yenyewe, bila hiyo ukiisafisha kwenye apu za karibuni inakufa moja kwa moja.

Hatua ya 4: amua nini kishuke kwa bando

Fungua Gmail, gusa mistari mitatu, shuka hadi Mipangilio, chagua akaunti, teremka mpaka sehemu ya matumizi ya data. Pale pa kupakua viambatanisho, ukiweka alama simu inavishusha yenyewe ikiwa kwenye waifai, ukiwa kwenye laini vinabaki kwenye seva mpaka ukiguse wewe. Hivyo ndo inavyotakiwa. Pale pa picha chagua iulize kwanza kabla ya kuonyesha, zile imeli za matangazo zimejaa picha ambazo huzihitaji na nyingine zimewekwa ili mtumaji ajue umeifungua saa ngapi. Siku za kusawazisha ukiweka 30 inatosha kabisa, ya zamani ukiitaka unaitafuta na inaletwa hiyo moja tu.

Piga hesabu uone. PDF ya kuskani ya MB 3, zikishuka kumi kwa siku ni MB 30, siku 22 za kazi kwa mwezi ni MB 660, na nusu yake labda ni nakala za kitu kilekile watu wanajibizana na kila mtu kaambatanisha upya. Halafu faili likitumwa kwa imeli linaongezeka uzito kwa kama theluthi moja kwa jinsi linavyofungashwa, kwa hiyo faili la MB 3 linasafiri kama MB 4.

Kama ni akaunti ya ofisi isiyo ya Google utaulizwa pia iangalie seva kila baada ya muda gani, dakika 15, 30, saa nzima. Kwa mtu wa kazi dakika 15 inafaa, gharama ya kuangalia tu ni ndogo.

Hatua ya 5: akaunti ya ofisi, chagua aina na namba za mlango

IMAP na POP3 ni njia mbili za apu kuchukua barua kwenye seva, ukiulizwa chagua IMAP, kwa sababu barua zinabaki kwenye seva na ukisoma kwenye simu hata kompyuta inajua umesoma. POP3 inazishusha, na ikisetiwa vibaya inazifuta kwenye seva, simu ikiibiwa na barua zimeenda. Namba ya mlango (port) ndo njia ambayo apu inaingilia kwenye seva, na SSL/TLS au STARTTLS ni kufuli la kuficha barua zikiwa njiani. Kupokea weka namba 993 na usalama SSL/TLS. Kutuma weka 465 na SSL/TLS, au 587 na STARTTLS, kutegemea ofisi yako inatumia ipi. Usiweke 25, mitandao mingi inaifunga kwa sababu ya watuma spamu, na dalili yake ni hii, unapokea vizuri lakini ukituma inabaki kwenye foleni. Na ukiona chaguo la kukubali vyeti vyote (cheti ni kitambulisho cha seva) tafadhali usiliguse, ukiwa kwenye waifai ya hoteli mtu anaweza kujifanya ndo seva yako akachukua paswedi. Cheti kikikataliwa angalia kwanza tarehe na saa ya simu, saa ikiwa imepotea muunganisho wa usalama unagoma, iweke ijirekebishe yenyewe.

Hatua ya 6: laini yenyewe

Simu ya nje au laini mpya inaweza kukosa APN, yaani setingi inayoiunganisha simu na intaneti ya laini. Ingia mtandao wa simu, majina ya APN, angalia kama ipo na imechaguliwa. Kama haipo omba setingi kwa mtandao wako au ujaze mwenyewe, kwa mfano Safaricom ni safaricom hivyohivyo kwa herufi ndogo. Aina ya mtandao acha 4G na chini yake zijichagulie, ila kama uko sehemu 4G inakuja na kupotea kila saa, ishushe kwa muda iwe 3G, mtandao uliotulia ni bora kwa imeli kuliko wa kasi unaokatika. Angalia pia DNS ya faragha (DNS ndo inayoitafutia simu anwani za mtandaoni), kama kuna mtu aliweka jina pale kwa ajili ya kuzuia matangazo na hiyo seva haipatikani, hakuna kitu kitafunguka, irudishe kwenye otomatiki.

Wanaoishi au kufanya kazi mipakani, Namanga, Tunduma, Sirari, zimeni romingi ya data (kutumia data kwenye mtandao wa nchi nyingine). Simu inaweza kudaka mnara wa upande wa pili ukiwa bado uko kwako, na imeli zinaanza kushuka kwa bei ya nje.

Na ukitumia hotspoti ya simu nyingine kumbuka inaweza kuonekana kama waifai ya kawaida, viambatanisho vitaanza kushuka kwa bando la mwenzako. Gusa jina la mtandao huo kwenye orodha ya waifai, kwenye matumizi ya mtandao chagua uhesabiwe kama wenye kipimo (metered), yaani wa bando.

iPhone

Kwenye mipangilio ya Mail, sehemu ya akaunti, kuna chaguo la jinsi ya kuleta data mpya. Gmail ndani ya apu ya Mail haisukumwi na seva barua ikifika, simu inaichota kwa vipindi, na ukiiacha kwenye otomatiki inachota kwa nyuma pale tu simu iko kwenye chaji na waifai. Chagua dakika 15, au weka apu ya Gmail yenyewe ambayo inakupa taarifa papo hapo. Hali ya data kidogo (Low Data Mode) pia inachelewesha, izime kwenye laini unayotegemea kwa kazi.

Ukimaliza rudia kipimo cha hatua ya 1, na baada ya wiki fungua matumizi ya data ya apu ya imeli uone ya nyuma imekula kiasi gani. Kama bado ni kubwa, chungulia kwanza akaunti ngapi ziko humo, simu nyingi nazokutana nazo zina akaunti ya zamani ambayo mwenyewe haisomi tena na bado inashusha kila siku.