Kupanga tafiti za magonjwa yanayobaki baada ya virusi

Mimi ni muuguzi hapa Goma. Ramani yangu ya tafiti hizi iko ukutani: karatasi za manila zilizogundishwa pamoja, maana umeme ukikatika ukuta hauzimi.

Safu za kushuka weka virusi: Ebola, chikungunya, UVIKO-19. Za pembeni weka dalili: uchovu, viungo, macho, kumbukumbu. Makala zitafute PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za kitabibu; kutafuta ni bure.

Kila makala iandikie kikaratasi: mwaka, nchi, watu wangapi, walifuatiliwa muda gani, na (hapa wengi wanaruka) walilinganishwa na nani. Chukua utafiti wa PREVAIL III wa Liberia, uliochapishwa 2019. Manusura 966 wa Ebola walilinganishwa na watu 2,350 waliokuwa karibu nao. Hata hao wa karibu walilalamika kichwa na viungo, ila manusura waliwazidi. Bila kundi la pili, kila kichwa kinachouma ungekibandika Ebola. Makala isiyo na kundi hilo naipa kikaratasi cha njano, hata jarida liwe kubwa namna gani.

Kwa UVIKO, andika kipimo cha muda pembeni. WHO mwaka 2021 ilisema dalili zinazobaki huonekana kwa kawaida miezi 3 tangu ugonjwa kuanza, na zidumu angalau miezi 2. Makala zenye kipimo kingine usizichanganye humo.

Manusura wa huku Kivu ya Kaskazini, wa mlipuko wa Ebola wa 2018–2020, wape safu yao. Wengi walitibiwa kwa dawa ambazo Liberia haikuwa nazo.