Jinsi ya kugeuza Beetle mzee iwe bagi, kwa njia ya kampuni ya GP ya Uingereza

Kama uko Nakuru ama Kisumu na kuna Beetle ya Volkswagen imelala nyuma ya nyumba ya mzee, usiuzie watu wa skrapu kwanza. Bodi inaweza kuwa imeliwa na kutu yote lakini chini bado kuna gari.

Bagi, yaani kagari kepesi ka wazi ka kukimbizia mchangani, ilianza California 1964, Bruce Meyers, fundi wa boti, akaunda gari la faiba kwa vyuma vya Volkswagen. Gari hilo ndilo liliitwa Manx. Uingereza wakafuata, na kwangu mimi walioelewa zaidi ni GP, kakampuni kadogo ka Middlesex ka Pierre du Plessis na John Jobber, miaka ya mwisho ya 60. Hawakukuuzia gari zima, walikupa bodi ya faiba na Beetle ukajitafutie, na kwa vile gari la kujiundia nyumbani halikuwa linalipiwa ile kodi ya ununuzi ya gari mpya, hata kijana wa mshahara mdogo aliweza kufikia. Hiyo nafuu ilipungua 1973 VAT ilipoingia.

Sasa kazi yenyewe. Anza na logibuku, namba ya chesisi iko imegongwa juu ya lile bomba kubwa la katikati, chini ya kiti cha nyuma. Hakikisha inafanana, halafu pitia NTSA, wale wa kusajili magari, uulize kuhusu kubadilisha bodi kabla hujagusa grainda, na hiyo namba usiikate kamwe.

Fungua bolti, inua bodi, toa tangi la petroli na betri mbali kabisa na moto wa weldi. Beetle ina kama mita 2.4 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na kwa bagi fupi ya Manx chesisi hukatwa karibu sentimita 36. Lakini bodi za bagi hazilingani, kwa hivyo pima bodi yako kwanza ndio uweke chaki. Kabla ya kukata, chomelea anglaini kutoka mbele hadi nyuma zishike pande zote mbili, ukisahau hapa chesisi itapinda na hakuna fundi atakunyooshea vizuri tena, nasema hivi nikimaanisha, ni hapa bagi nyingi huharibika. Ndani ya lile bomba kuna fimbo ya gia, waya ya klachi, ya eksileta na ya handibreki, pamoja na paipu ya petroli. Zote zitafupishwa pia.

Faiba sasa. Kisumu uko na bahati, tafuta fundi wa boti za faiba, huyo anajua moldi. Geli ya tabaka la nje kwanza, halafu mati ya faiba na resini tabaka kwa tabaka, hadena ya kugandisha resini asilimia 1 hadi 2 tu, na kwa joto la mchana la Kisumu kaa karibu na 1 la sivyo itaganda kwa ndoo. Fanya asubuhi, mvua ikinukia acha. Vaa maski.

Ukikalisha bodi weka raba na washa pana, kale kasahani ka chuma, kwa kila bolti, faiba hupasuka ikikazwa kavu kwa chuma. Zungusha mtaani polepole kwanza, ukirudi ingia chini na tochi uangalie ile weldi ya katikati kabla ya kufikiria barabara ya Solai, kule Nakuru.