Jinsi ya Kupima Thamani ya Haki: Nyumba ya Mawe ya Lamu na Maembe ya Malindi

Kampuni inayomiliki nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu, na iliyochagua kuiandika kwa thamani ya haki, huongozwa na kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 13, kilichotolewa Mei 2011 na kuanza kutumika Januari 2013. Kwa mujibu wake, thamani ya haki ni bei ambayo ingepokewa kwa kuuza mali, au ingelipwa ili mwingine alichukue deni, katika mauzo ya kawaida yasiyo ya kulazimishwa baina ya washiriki wa soko, siku ile ya kupima. Kwa hiyo fedha ulizotumia kubadilisha boriti na kupaka chokaa upya si jibu, wala bei uliyonunulia si jibu.

Anza kwa kuitambua mali yenyewe. Nyumba unayompangishia mtu ni mali ya uwekezaji chini ya kiwango kingine cha uhasibu, IAS 40, na badiliko la thamani yake huingia moja kwa moja katika faida au hasara ya mwaka. Nyumba hiyo hiyo ukiiendesha mwenyewe kama nyumba ya wageni, ukiwapa chakula na huduma za kila siku, kwa kawaida huwa ni mali unayoitumia, nayo huangukia IAS 16, kiwango cha mali za matumizi.

Hatua ya pili ni kuuliza mnunuzi angeweza kuitumia vipi kwa manufaa makubwa zaidi, mradi matumizi hayo yawezekane kimaumbile, yaruhusiwe na sheria na yawe na faida. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na majengo yake yanalindwa. Basi usikisie bei ya hoteli ya zege ya ghorofa nne ambayo haitaruhusiwa kujengwa hapo.

Soko nalo lina kanuni yake, na hapa ndipo nionapo makosa mengi. Chukua maembe yaliyochumwa Malindi, ambayo IAS 41, kiwango cha kilimo, huyataka yapimwe, wakati wa kuchumwa, kwa thamani ya haki ukitoa gharama za kuuza. Tuseme soko kuu la maembe hayo, yaani lenye mauzo mengi zaidi, ni Mombasa, bei ni shilingi 40 kwa kilo, usafiri ni 9 na ada ya dalali ni 2. Thamani ya haki ni 31, kwa sababu mahali mali ilipo ni sifa yake, hivyo usafiri hutolewa; ada ya dalali haiipunguzi thamani hiyo, bali hutolewa baadaye kama gharama ya kuuza, na kiasi kinachoandikwa ni 29. Hata kama kwa kuuza Malindi ungebakiwa na 32 mkononi, soko kuu likiwepo ndilo linalofuatwa.

Turudi Lamu. Nyumba huuzwa kwa nadra, na nyingine huuzwa haraka na warithi wanaotaka kugawana mirathi, au ndugu kwa ndugu; bei za namna hiyo zichunguze kabla ya kuzitegemea. Pale mauzo ya kulinganisha yanapokosekana, tumia mapato. Kodi ya pango ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, ukitoa matumizi ya 200,000, huacha 1,000,000. Wawekezaji wakitaka faida ya asilimia 8 kwa mwaka, gawanya milioni hiyo kwa asilimia 8, na thamani ni 12,500,000, na wakitaka 10, ni 10,000,000. Tazama jinsi asilimia mbili tu zilivyoondoa milioni mbili na nusu. Ndiyo maana asilimia hiyo haipasi kuchaguliwa ili kumridhisha mkurugenzi au benki.

Kwa madeni, kumbuka kupima pia hatari ya kwamba wewe mwenyewe hutalipa.

Mwisho, taja ngazi ya kipimo. Ngazi ya 1 ni bei za wazi, zisizorekebishwa, za mali inayofanana kabisa katika soko lenye shughuli. Ya 2 ni taarifa nyingine zinazoonekana sokoni. Ya 3 ni makadirio yasiyoonekana humo. Nyumba yetu iko ngazi ya 3, kwa hiyo maelezo ya hesabu yataje mbinu, kodi na asilimia iliyotumika, na jinsi thamani ingebadilika kama makadirio hayo yangekuwa mengine.