Rufaa ya kifungo cha dawa za kulevya: usingoje mwenendo uchapwe

Siku 14. Hapa Kenya, rufaa ya kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu inahesabiwa tangu siku adhabu iliposomwa, si siku utakapopewa karatasi. Mimi, nikimsaidia kakangu aliyefungwa, nilidhani lazima mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) uchapwe kwanza. Karani akawa ananiambia "rudi Jumatatu", na Jumatatu zake hazikwisha. Muda ukapita, ikabidi tuombe kukata rufaa tukiwa tumechelewa. Jaji huweza kukubali, na kukosa nakala ya hukumu ni sababu inayotambuliwa na sheria, ila ombi hilo lilitula miezi mitano. Peleka hati ya rufaa yenye sababu unazozijua. Nyingine utaomba ruhusa uziongeze baadaye. Aliye ndani humkabidhi mkuu wa gereza hati yake. Abaki na nakala yenye muhuri na tarehe.

Usiandike "adhabu ni kali mno" ukaachia hapo. Jaji hapunguzi kifungo eti yeye angetoa kidogo. Anatafuta kosa la hakimu. Je, miezi ya rumande ilihesabiwa? Faini imefungwa kwenye thamani ya dawa sokoni: cheti cha thamani kimo ndani ya faili? Hakimu alidhani kifungo cha maisha ni lazima? Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa, Mombasa, ilisema maneno ya kifungu cha 4 cha sheria ya dawa za kulevya yanaweka kikomo cha juu tu. Angalia pia tarehe ya kosa, maana sheria hiyo ilibadilishwa 2022, na Ibara ya 50 ya Katiba humpa mshtakiwa adhabu iliyo nafuu ikiwa ilibadilika kabla hajahukumiwa.

Sasa hapa ndipo tulipoumia. Kakangu alikamatwa na mwenzake, gari moja, mzigo mmoja. Mwenzake alikiri, faili yake ikatengwa, akapata miaka 8. Kakangu alikana, kesi ikaenda hadi mwisho, akapata 20. Tulidhani jaji ataona mwenyewe. Akauliza: "Hukumu ya huyo mwingine iko wapi?" Tulikuwa nayo mdomoni tu. Faili ikitengwa, ni kesi nyingine, na jaji wa rufaa haioni.

Kwa hiyo andika barua kwenye sajili ya mahakama ukitaja namba ya kesi ya mwenzake, uombe nakala zilizothibitishwa: maelezo aliyoyakubali, maombi yake ya kuhurumiwa na sababu za hakimu. Lipa ada, dai risiti. Mimi nilimtumia kijana mmoja wa pale mlangoni shilingi 3,000 kwa M-Pesa "aharakishe". Kilichoharakishwa ni simu yake kuzimwa.

Ukizipata, linganisha bila kujidanganya. Anayekiri hupunguziwa, kwa hiyo sehemu ya ile tofauti ni halali. Shikilia inayobaki: nani mwenye mzigo, nani dereva, nani aliwahi kufungwa.

Jambo moja wakili alinieleza kwa kuchelewa: upande wa mashtaka nao huweza kuomba adhabu iongezwe, na jaji ana uwezo huo. Ukipata notisi hiyo, ongea na wakili kabla ya tarehe ya kusikilizwa. Na usiweke akiba ya hoja kwa Mahakama ya Rufaa. Kule rufaa ya pili husikilizwa kwa hoja za sheria tu, ukali wa kifungo hausikizwi.

Nakala zetu ziliingia kesi ilipotajwa mara ya tatu. Miaka 20 ikawa 12, kuanzia siku aliyokamatwa.