Kabla ya kununua kitabu kipya: kupima na kuboresha maktaba ya sekondari Lamu

Ukimuuliza mwalimu wa maktaba anahitaji nini, jibu la kwanza huwa ni vitabu. Ukikaa ndani siku tatu utaona mengine: kamusi zimefungiwa kabatini na ufunguo ameondoka nao mtu, rafu ya chini inanuka ukungu, viti vya upande wa magharibi havikaliki baada ya saa nane, na mlango hufungwa kengele ya mapumziko inapolia kwa sababu mkutubi naye anakwenda kunywa chai. Vitabu vipya vikiletwa katika hali hiyo vitaishia palepale vilipoishia vya zamani. Anza kwa kupima.

Wiki mbili za kuhesabu

Chagua wiki moja ya kawaida na moja iliyo karibu na mitihani. Pima chumba kwa tepu, uchore ramani yake kwenye karatasi ya grafu, sentimita 2 kwa kila mita: milango, madirisha na yanakoelekea, soketi, feni, taa, rafu, meza. Toa nakala 40. Mara nne kwa siku, yaani kabla ya kipindi cha kwanza, mapumziko ya saa nne, wakati wa chakula cha mchana na baada ya vipindi, pita na nakala moja utie alama kila kiti kilichokaliwa. Andika pia saa na hali ya hewa. Baada ya siku kumi zipange nakala zote mezani kwa pamoja, nazo zitakuonyesha meza inayogombewa na ile ambayo haijawahi kukaliwa na mtu. Usikimbilie kuiondoa hiyo ya pili. Kaa wewe mwenyewe hapo saa tisa alasiri. Huenda ni jua, huenda feni haifiki, huenda iko mgongoni mwa meza ya mkutubi na wanafunzi hawapendi kuchunguliwa.

La pili ni daftari la waliokosa. Hilo hatukubali liachwe hata shule ikiwa na haraka kiasi gani. Lina safu tatu: tarehe, alichotaka, kwa nini hakukipata. Kurasa zake husomeka hivi:

Kamusi ya Kiswahili – zote zinatumika.
Kemia, Kidato cha 3 – kimeazimwa, hakijarudi tangu muhula uliopita.
Kitabu cha ufugaji wa samaki – hatuna.
Atlasi – ipo, imefungiwa, ufunguo haupo.

Kila mstari una dawa yake. Wa kwanza unataka nakala zaidi, wa pili ufuatiliaji, wa tatu ununuzi, na wa nne hauhitaji hata shilingi. Hesabu ni mistari mingapi iko kama ule wa nne kabla hujaandika barua ya kuomba msaada.

La tatu, gawa idadi ya vitabu vilivyoazimwa muhula mzima kwa idadi ya wanafunzi. Shule ya wanafunzi 300 iliyoazimisha vitabu 150 ina nusu kitabu kwa mwanafunzi. Usihesabu vitabu vya kiada vilivyogawiwa darasani mwanzoni mwa mwaka, maana vitakuonyesha maktaba yenye uhai usiokuwepo.

Chumba kinabeba wangapi

Msomaji mmoja, pamoja na kiti, sehemu yake ya meza na njia ya kupitia, huhitaji kama mita za mraba 2.3. Chumba cha mita 8 kwa 6 kina mita za mraba 48. Ondoa kama 16 za rafu, meza ya mkutubi na mlango, zinabaki 32, yaani viti 14. Darasa lina watu 45. Hapa ndipo shule nyingi hukosea: hujaza viti 40, njia zikaziba, rafu za nyuma zikawa hazifikiki, na kila anayetaka kutoka anawainua watano.

Kubali kwamba darasa zima haliingii. Lete nusu ya darasa kwa kipindi, au pelekeni vitabu darasani: sanduku la mbao au la plastiki lenye vitabu 25 hadi 30 vya hadithi, orodha imebandikwa ndani ya kifuniko, na wanafunzi wawili wa kuliangalia. Libadilishwe kila baada ya wiki tatu. Likikaa zaidi ya hapo linageuka kiti.

Njia baina ya rafu isipungue sentimita 90, ili anayetumia kiti cha magurudumu apite. Meza iwe na kimo cha sentimita 73 hadi 75 na kiti 45. Ubao wa rafu wa unene wa milimita 20 usizidi urefu wa sentimita 90 bila nguzo, la sivyo utapinda katikati na vitabu vitaanza kuegemeana. Rafu ya urefu huo hubeba takriban vitabu 30 vya unene wa kawaida, ila acha robo yake wazi. Kipimo rahisi: kitabu kitoke kwa kushikwa kwa vidole viwili pande zote za mgongo. Kikihitaji kuvutwa kwa juu, rafu imebanwa, na hivyo ndivyo migongo inavyong'oka.

Unyevu, adui wa kweli

Ukungu huanza kuota hewa ya ndani ikikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 ya unyevu kwa siku mfululizo, na Lamu kiwango hicho ni jambo la kila wiki, hasa mvua za Aprili hadi Juni na upepo wa kusi. Bila mashine hutaushusha sana. Unachoweza ni kuhakikisha hewa haitulii. Tafuta vipima unyevu vitatu vidogo: kimoja ukutani nyuma ya rafu, kimoja katikati ya chumba, kimoja ndani ya kabati lililofungwa. Soma asubuhi, adhuhuri na jioni kwa wiki moja. Usishangae kabati la vioo, lile zuri la vitabu vya thamani, likawa ndilo baya kuliko yote. Toboa matundu juu na chini, au liache wazi mchana.

Vuta rafu zikae sentimita 10 kutoka ukutani, na ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Usipange vitabu mbele ya madirisha ya kusini, kwani mvua ya kusi huingia kwa ubavu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Ukizipiga plasta ya saruji au rangi ya mafuta, maji hukwama ndani na rangi huvimba kama malengelenge. Zirudishie chokaa. Na kama jengo liko ndani ya Mji wa Kale, ulioingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, usipanue dirisha wala kutoboa ukuta kabla ya kuzungumza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Rafu za chuma hushika kutu mahali zilipokwaruzwa, na kutu hutia doa la kudumu kwenye karatasi. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, na usirudishe vitabu kabla haijakauka kabisa.

Kitabu chenye ukungu kitenge siku hiyohiyo. Kisimamishe kurasa zikiwa zimefunguka kidogo, kivulini penye upepo, siku mbili tatu. Kikishakauka, vaa barakoa, toka nje, ufute vumbi la ukungu kwa brashi laini, upepo ukiwa mgongoni mwako. Ukikifuta kingali kibichi unausugua ukungu ndani ya karatasi. Jua kali nalo hukunja majalada na kukausha gundi, kwa hiyo usikianike kama nguo.

Wadudu, yaani mende na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kurasa, hufa kwa baridi. Funga kitabu kikavu katika mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, kitie ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usikifungue kwa saa 24, ili umande ushike mfuko badala ya karatasi. Friza za samaki mji huu hazikosekani, lakini mifuko iwe miwili kweli, maana kamusi yenye harufu ya changu haiazimwi na mtu. Mchwa ni jambo jingine. Ukiona njia ya udongo ukutani, ita fundi wa dawa na uondoe rafu mahali hapo.

Kuondoa vitabu

Linganisha daftari la kupokelea vitabu na kilichomo rafuni, namba kwa namba. Kisha shika kimoja kimoja ujiulize: kimeharibika, kimepitwa, au hakijaguswa miaka mitano? Vipimo vya haraka: atlasi inayoonyesha Sudan moja ni ya kabla ya Julai 2011, kitabu cha jiografia chenye mikoa minane ya Kenya kimepitwa na kaunti 47, na kitabu cha sayansi kinachohesabu sayari tisa kimeandikwa kabla ya Agosti 2006. Vitabu vya kompyuta vichunguze kila miaka mitano.

Kuwa mwangalifu na vya 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka. Gredi ya 10 ya mtaala mpya imeanza Januari 2026 na njia zake tatu za masomo, lakini KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwisho ya mfumo wa zamani ni ya 2027. Usinunue tena vitabu vya marudio vya vidato, wala usivitupe kabla ya hapo. Hadithi, tenzi na mashairi hayaondolewi kwa sababu ya mtaala kubadilika.

Vitabu vya serikali ni mali ya umma. Andika orodha, ipitie kamati ya shule ya uondoaji wa mali, iandikwe kwenye kumbukumbu, ndipo vitoke. Kuvichoma nyuma ya jiko Jumamosi ni kutafuta maneno na wakaguzi.

Saa za kufungua

Soma tena ramani zako. Wanafunzi wa kutwa wana madrasa alasiri, na wale wa Matondoni, Kipungani au Manda hufuata mashua. Maktaba inayofunguliwa saa kumi inahudumia bweni peke yake. Dawa ni saa ya chakula cha mchana, baada ya adhuhuri: zamu ya wanafunzi wawili, msichana na mvulana, wakiazimisha na kupokea tu, bila kazi nyingine. Anzisha pia mkopo wa usiku mmoja kwa vitabu vya kiada vyenye nakala chache. Kinatoka kipindi cha mwisho kikiisha, kinarudi kabla ya saa mbili asubuhi.

Faini ya pesa iondoe. Anayedaiwa shilingi hamsini huacha kurudisha kitabu na huacha kuja.

Kupanga vitabu kwa Dewey, yaani kwa namba za mada, inatosha tarakimu tatu na herufi tatu za jina la mwandishi, kama 297 ya Uislamu, isipokuwa pale penye vitabu vingi: 496.392 ya lugha ya Kiswahili, 967.62 ya historia ya Kenya. Hadithi zikae peke yake, karibu na mlango, chache zikionyesha majalada.

Pesa zikipatikana, anza na taa na feni, kisha nakala za vilivyoongoza katika daftari la waliokosa, kisha rafu, kompyuta mwisho. Katika bajeti ya mbao weka mashua kutoka Mokowe na mkokoteni au punda wa kutoka gatini, kwani hapo ndipo hesabu nyingi hupungukiwa.

Rudia kuhesabu baada ya mwaka mmoja, muhula uleule. Angalia Ramadhani imeangukia wapi. Huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka, na wiki ya mfungo ukiilinganisha na wiki ya kawaida utadhani maktaba imekimbiwa.