Kobla ya Beri za Kiangazi: Namna ya Kuioka Nyumbani

Kobla ni chakula kitamu cha Marekani ambacho hutengenezwa kwa kuweka matunda katika bakuli la kuokea, kuyafunika kwa mabonge ya kinyunga laini, kisha kuvioka vyote pamoja mpaka juu pawe na rangi ya kahawia na chini pawe na mchuzi mzito wa matunda. Haina tabaka la unga chini yake kama pai, haisukumwi, wala haihitaji umbo la kupendeza. Walowezi waliohamia magharibi mwa nchi hiyo katika karne ya 19 waliipika katika vyungu vizito vya chuma, makaa yakiwa chini na mengine yakipaliwa juu ya kifuniko, yaani kwa namna ile ile ambayo wapishi wa pwani yetu hupalia wali. Ni chakula rahisi, lakini wengi huitoa motoni mapema mno, nayo ikawa na mchuzi wa majimaji na kinyunga kibichi upande wa chini. Karibu kila hatua inayofuata inakusudia kuzuia kasoro hizo mbili.

Tuanze na matunda, kwa kuwa hakuna sukari inayoweza kufidia beri (tunda dogo laini lenye juisi) iliyochumwa ikiwa mbichi. Katika majimbo mengi ya kaskazini mwa Marekani, bluberi na blakiberi hukomaa Julai na Agosti, ilhali katika majimbo ya kusini kama Georgia na North Carolina mavuno hutangulia kwa wiki kadhaa. Bluberi kubwa zinazouzwa madukani zina asili yake katika jimbo la New Jersey, ambako mkulima Elizabeth White na mtaalamu wa mimea Frederick Coville walichagua vichaka bora vya porini, wakavizalisha, na kuuza mavuno yao ya kwanza mwaka 1916. Zile ndogo za porini, ambazo jimbo la Maine linajulikana kwazo, bado zina ladha kali zaidi, nami ningezichagua hata zikiwa zimegandishwa. Kwa Mswahili anayeishi huko, njia nzuri ya kupata matunda ni kwenda katika shamba linaloruhusu wateja kuchuma wenyewe, kwa sababu beri hizi haziongezeki utamu zikishaachana na tawi. Blakiberi iliyoiva huwa imepoteza mng'ao wake na huachia tawi ikiguswa tu. Ile inayong'aa na kung'ang'ania bado ni chachu. Bluberi yenye wekundu karibu na kikonyo ingepaswa kuachwa siku chache zaidi, lakini ule ungaunga mweupe unaoifunika si uchafu wala dawa. Ni nta yake ya asili, na ni dalili kwamba haijashikwashikwa sana.

Aliyeko Afrika Mashariki hana sababu ya kungoja bluberi za kutoka mbali. Stroberi za nyanda za juu zinafaa, ingawa zina maji mengi na hulegea sana zikipikwa, hivyo ni bora zichanganywe na tunda lingine badala ya kutumiwa peke yake. Forosadi nazo zinafaa mno, mradi uvumilivu upatikane wa kukata vikonyo vyake vya kijani kimoja baada ya kingine. Kwa kuwa forosadi zilizoiva zina utamu mwingi na uchachu mdogo, ziongezewe maji ya limau zaidi ya kipimo nitakachotaja.

Kwa bakuli la ukubwa wa lita mbili hivi, linalotosha watu sita hadi wanane, andaa gramu 900 za beri mchanganyiko. Mchanganyiko ninaoupendelea ni bluberi zaidi kidogo ya nusu na sehemu iliyobaki blakiberi au rasiberi, kwa sababu bluberi hutoa uzito na hizo nyingine hutoa uchachu. Kwa matunda hayo utahitaji gramu 130 za sukari, vijiko vitatu vya chakula vya wanga wa mahindi, kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau, maganda ya limau moja yaliyoparuzwa bila ule weupe wake mchungu, na chumvi kidogo sana. Kwa kinyunga, andaa gramu 190 za unga wa ngano, gramu 50 za sukari, vijiko viwili vya chai vya bekin pauda, robo kijiko cha chai cha bikaboneti (magadi ya kuokea), nusu kijiko cha chai cha chumvi, gramu 85 za siagi iliyotoka kwenye friji, na mililita 160 za mtindi. Anayefuata maelekezo ya Kimarekani akumbuke kwamba kikombe chao cha kupimia ni mililita 240 hivi, kwamba kikombe hicho cha unga wa ngano kina uzito wa gramu 125 au pungufu kidogo, na kwamba kipande kimoja cha siagi kama inavyofungwa huko ni gramu 113. Mizani ndogo ya jikoni huondoa mashaka hayo yote.

Wanga wa mahindi si unga wa ugali. Ni ule unga mweupe, laini kama poda, unaouzwa madukani kwa ajili ya kuzitia uzito supu na kastadi. Sembe na dona hazitafanya kazi hiyo, kwa kuwa zitaacha chembechembe katika mchuzi. Wanga wa muhogo unafaa pia kwa kipimo hicho hicho, na waokaji wengi wa Marekani huupenda kwa matunda ya aina hii kwa sababu huacha mchuzi uking'aa zaidi.

Osha beri wakati unapokaribia kuzitumia, si siku iliyotangulia, kwa maana unyevu huzifanya ziote ukungu upesi. Bluberi zinaweza kuoshwa ndani ya bakuli la maji, lakini rasiberi zimwagiwe maji kidogo tu na kutandazwa juu ya kitambaa safi zikauke, kwani zikilowekwa hunywa maji na kuvunjika. Katika bakuli kubwa, changanya kwanza sukari, wanga, chumvi na maganda ya limau vikiwa vikavu, kisha mimina matunda na maji ya limau, ugeuze taratibu kwa mkono. Mpangilio huo una maana: wanga uliotawanywa ndani ya sukari haufanyi madonge ukikutana na maji ya matunda. Hamishia mchanganyiko katika bakuli la kuokea la kioo, la kauri au la chuma chenye enameli. Alumini isiyo na kinga haifai, kwa kuwa asidi ya beri hushambulia madini hayo na kuacha ladha ya chuma na rangi isiyopendeza.

Sasa tumefika kwenye hatua ambayo maelekezo mengi huiruka. Oka matunda peke yake kwanza, bila kinyunga, katika oveni yenye joto la nyuzi 190 za Selisiasi, ambazo ni 375 kwa kipimo cha Farenhaiti, kwa muda wa dakika 20 hadi 25, mpaka yawe moto kabisa na juisi ianze kutoka. Kinyunga kibichi kikiwekwa juu ya matunda ya baridi, sehemu yake ya juu huiva na kubadilika rangi huku ya chini ikiwa imelala juu ya majimaji vuguvugu, na hapo mpishi hudanganywa na rangi. Kikiwekwa juu ya matunda yanayotokota, mvuke hukipika kutoka chini wakati oveni inakipika kutoka juu. Faida ya pili inahusu wanga, ambao haukamilishi kazi yake ya kuufanya mchuzi uwe mzito mpaka joto likaribie nyuzi 95. Pembeni mwa bakuli hufikia joto hilo mapema, ilhali katikati huchelewa sana, hasa bakuli likiwa na kina kirefu.

Wakati matunda yako ndani ya oveni, shughulikia kinyunga. Changanya unga, sukari, bekin pauda, bikaboneti na chumvi. Kata siagi vipande vidogo, uitupie ndani ya unga na kuisugua kwa ncha za vidole, si kwa viganja vyenye joto, mpaka ibaki katika vipande visivyozidi ukubwa wa punje ya choroko. Vipande hivyo huyeyuka ndani ya oveni, maji yaliyomo katika siagi yakageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaoacha matundu madogo na ulaini tunaoutafuta. Ukimaliza, weka bakuli la unga huo kwenye friji mpaka matunda yawe tayari. Hapo ndipo mtindi unapomiminwa na kuchanganywa kwa uma, kwa mizunguko michache tu, ukiacha pindi unga mkavu usipoonekana tena. Mazoea ya kukanda chapati yawekwe kando kabisa, kwa sababu kadiri kinyunga kinavyokandwa ndivyo kinavyokuwa kigumu na chenye kuvutika. Mtindi ukiwa mzito sana, uongezewe maziwa kidogo. Asiyekuwa nao atie vijiko viwili vya chai vya maji ya limau katika mililita 150 za maziwa na kusubiri dakika kumi.

Kipimo cha bikaboneti kisizidishwe, na si kwa sababu ya ladha ya sabuni pekee. Rangi ya beri hizi hutegemea asidi: penye asidi huelekea wekundu, na penye magadi hugeuka buluu au hata kijani. Ndiyo maana wakati mwingine kinyunga kilichokutana na bluberi hutoka na madoa ya kijani yanayotia shaka ingawa hayana madhara. Asidi ya mtindi huimeza robo kijiko ya bikaboneti bila shida, lakini anayetumia maziwa ya kawaida yasiyotiwa limau aiache bikaboneti kabisa na kuongeza nusu kijiko cha chai cha bekin pauda.

Toa matunda, yakoroge mara moja, kisha dondosha kinyunga juu yake kwa kijiko katika mabonge manane au tisa, ukiacha nafasi kati ya bonge na bonge. Nafasi hizo si uzembe. Mvuke hupitia hapo, nao mchuzi hupunguza maji yake. Nyunyizia sukari kijiko kimoja cha chakula juu ya mabonge, weka sinia la kuokea chini ya bakuli ili lipokee mchuzi utakaofurika, na uoke kwa dakika 30 hadi 35. Usiamini saa wala rangi pekee. Tazama katikati ya bakuli: mapovu madogo ya haraka yanaonyesha kwamba mchuzi bado ni maji, ilhali mapovu makubwa, mazito, yanayopasuka polepole yanaonyesha kwamba wanga umeshika. Inua pia bonge la katikati kwa ncha ya kisu uone kama upande wake wa chini umekuwa mkate. Juu pakikaribia kuungua kabla ya dalili hizo kutokea, funika kwa karatasi ya foili bila kuibana, uendelee kuoka.

Asiye na oveni atumie chungu cha udongo au sufuria ya chuma cha pua yenye kifuniko bapa. Chemsha matunda pamoja na sukari na wanga wake juu ya jiko la mkaa, ukikoroga ili yasishike chini, mpaka yatokote na kuwa mazito. Punguza makaa ya chini yabaki machache, dondosha mabonge, funika, kisha palia makaa mengi juu ya kifuniko. Makaa ya juu ni ya lazima kwa anayetaka rangi ya kahawia. Bila hayo, mvuke hugeuka matone na kuyalowesha mabonge, ukapata kitu kinachofanana na mkate wa kuchemshwa. Watu wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hupika hivyo kwa makusudi, lakini hicho ni chakula kingine. Anza kuchungulia baada ya dakika 20.

Kusini mwa Marekani iko namna nyingine, ambayo siagi huyeyushwa katika bakuli, ukamiminwa uji wa unga, maziwa na sukari, na matunda yakawekwa juu bila kukorogwa, kisha uji huo hupanda wenyewe na kuyazunguka. Inafaa sana kwa pichi. Kwa beri zenye juisi nyingi, binafsi naiona nzito.

Beri zilizogandishwa zitumike bila kuyeyushwa, kwani barafu imekwisha kupasua chembe zake na zikiyeyuka hubaki zinaelea katika maji yake. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha wanga, na uzioke peke yake kwa dakika 35 hadi 40 badala ya 20 hadi 25.

Kobla ikitoka, iache itulie kwa dakika 30 hadi 40. Mchuzi unaoonekana mwepesi ukiwa unachemka huendelea kuwa mzito unapopoa, na anayepakua mapema atalaumu wanga bure. Wamarekani huila ikiwa vuguvugu pamoja na aiskrimu ya vanila, ingawa malai baridi yasiyotiwa sukari huupa uchachu wa beri nafasi zaidi. Itakayobaki ifunikwe na kuwekwa kwenye friji kwa siku mbili au tatu, kisha ipashwe moto katika oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 15 hivi. Maikrowevu huirudishia joto, lakini huyaacha mabonge yakiwa yamelegea.