Kumwongezea uzito mtoto wa paka aliyekonda

Ukimlea kwa muda mtoto wa paka aliyekonda, mpime kila siku saa ileile kwa mizani ya jikoni na uandike uzito wake, kwani manyoya hudanganya macho, ilhali anatarajiwa kuongezeka takriban gramu 10 hadi 15 kwa siku. Kabla ya kumlisha, gusa masikio na nyayo zake. Ukihisi ubaridi, mpashe joto taratibu kwanza, maana mwili uliopoa hausagi chakula. Mpe maziwa maalumu ya watoto wa paka, wala si ya ng'ombe ambayo huweza kumharisha, kidogo kidogo na mara nyingi, akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali, yasije yakaingia mapafuni. Akianza kupungua, nakusihi umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.